Gumegume, Kirinyaga Road

Juu ya duka la mikanda ya injini, ghorofa ya pili,
ndiko ninakokarabati mizani za wauza nyama
na taipureta za mawakili wasiotaka kustaafu.
Hiyo ndiyo kazi. Inalipa kodi.
Bunduki ni za baada ya saa kumi na moja.

Ninazo nne. Zote nakala, zote na karatasi,
kila karatasi na muhuri, kila muhuri na foleni yake.
Mbili zilizaliwa India, katika kiwanda
ambacho hakikujisumbua kunyoosha skrubu.
Moja Mtaliano: maridadi, mvivu.
Ya nne niliiunda mwenyewe,
mtutu wa bomba lililozibwa,
kitako cha mukima ulioangushwa na upepo Kabete.

Watu hudhani bunduki ni mlio.
Mlio ni mwisho. Mimi nakaa mwanzoni,
pale jiwe linapouma chuma.

Kamani ya kiwandani ilikuwa ngumu kama deni.
Nikachonga yangu kwa tupa, unywele kwa unywele,
nikaipasha hadi wekundu,
nikaizamisha katika mafuta yaliyochoka kukaanga chipsi,
nikaipasha tena, polepole,
hadi rangi ya shingo ya kanga.
Ya kwanza ilikatika mkononi.
Ya pili ilikatika usiku, mezani, bila kuguswa.
Ya tatu ndiyo hii. Bado siiamini.

Na jiwe?
La Naivasha, lile jeusi la kioo, lilipasuka kama chupa.
La Magadi ndilo: rangi ya ukoko wa ugali,
baya kwa sura, kali kwa meno.
Nimelikaza kwa kipande cha ngozi
cha kiatu cha shule cha Mwende, aliyekwisha kukua.

*Kawia ufike*, husema watu.
Gumegume halijui methali hiyo.
Cheche ikikawia kufika kwenye kifa, imekufa.

Babu wa babu yangu alibeba pembe miezi minne
akalipwa gobori lisilolia.
Alilining'iniza begani miaka thelathini.
Waliomwogopa walimwogopa vya kutosha.
Mama alisema lilizikwa naye.
Shangazi Syombua alisema liliuzwa kwa mbuzi wawili,
mmoja akiwa kiwete.
Hii ya nne ndiyo nakala yake.
Nanakili kitu ambacho sikukiona,
na kila nikimaliza naona nimekosea.

Sajenti Nasimiyu huja kukagua kila mwaka.
Hupanda ngazi akizilaani.
Huhesabu: moja, mbili, tatu, nne.
"Baruti?"
"Hakuna."
"Risasi?"
"Hakuna, afande."
"Sasa hizi ni za nini?"

Kila mwaka hutafuta jibu jipya.
Mwaka jana nilisema historia; akapiga miayo.
Mwaka huu nilikuwa nimeandaa neno "urithi",
liko ulimini kabisa,
stima ikapotea.

Giza la Kirinyaga Road si giza kamili,
lakini dirisha langu linatazama ukuta.
Kalamu yake ilisimama juu ya fomu.
Chini mtu alitukana jenereta.
"Fundi, una taa?"

Nikapapasa ukutani, nikaishusha ya nne,
nikavuta mtambo nyuma hadi uliposema *tk*,
kisha *tk* ya pili, ile niliyoitafuta tangu Machi.
"Usiogope," nikamwambia mwanamke
mwenye bastola ya kweli kiunoni.

Shh-kah.

Cheche kumi, labda kumi na tano,
nyeupe, kisha za machungwa.
Nikaona kidevu chake, kifungo cha fulana ya sare,
kovu dogo chini ya jicho
ambalo mwaka wa sita huu sikuwahi kuliona.
Kisha kiza, na harufu ya chuma kilichokwaruzwa.

Alinyamaza kidogo.
"Fanya tena," akasema.

Nikafanya tena. Mara saba.
Ya tano iligoma; akacheka.
Fomu aliitia sahihi kati ya cheche na cheche,
ikapanda mlima, ikatoka nje ya mstari.

Kiberiti kilikuwa mfukoni mwangu muda wote.